Lushoto hadi Tanga kwa baiskeli: kwa mnaoanza, na hasa kwa atakayekaa mkia

Jumamosi iliyopita nilisimama njia panda ya Segera, pale barabara ya Tanga inapoachana na ya Chalinze na Dar es Salaam, nikihesabu watu. Tulitoka Lushoto 14, mimi nikiwamo. Wakapita kumi, na wa kumi ndiye tuliyempa kukaa mkia, yaani kuwa nyuma ya wote: kitambaa chekundu cha mkia kinapepea nyuma ya kiti, uso umejaa furaha kwa kuwa amewakamata wa mbele. Nikamwuliza, "Wenzako watatu wako wapi?" Akageuka kutazama barabara ya Korogwe, kana kwamba ndiyo kwanza anakumbuka kuwa kuna nyuma.

Walifika dakika 40 baadaye. Mmoja alipata pancha mbili na tyubu ya akiba hakuwa nayo. Wadogo zangu, nawapenda, na miguu mnayo kuliko niliyokuwa nayo mimi umri wenu. Lakini makosa haya sisi tumekwisha kuyafanya na kuyalipia. Sioni kwa nini nanyi mlipe upya. Someni, na mkifika namba 3 msiruke mstari.

1. Mteremko wa asubuhi. Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kama kilomita 33, na mnashuka karibu mita 1,000. Nawaona mnabana breki tangu juu mpaka chini bila kuachia. Punguza mwendo kabla ya kona, baiskeli ikiwa imenyooka, kwa breki zote mbili, halafu achia, rimu ipate upepo. Anayebana mfululizo anaipasha rimu moto, hewa ya ndani inatanuka, tyubu inapasuka, na kona zile upande mmoja ni mlima na upande wa pili ni bonde. Mkisimama Soni dondosheeni rimu tone la maji, mwone linavyokauka. Wenye breki za disiki nao wasijione wamepona, kwa sababu disiki inaungua vilevile, na lami ya alfajiri ina umande pamoja na tope la malori ya mboga. Kuna mwaka nilimshuhudia mwenzetu akiingia kwenye mtaro wa Soni taratibu kabisa, amekaa wima, breki zimebanwa na magurudumu hayazunguki, anateleza tu kama yuko kwenye sabuni. Alitoka na kiwiko kilichochubuka, na kuanzia siku hiyo hakuna aliyemshinda kwa adabu ya kona.

2. Chumvi. Baridi ya Lushoto inadanganya, Mombo ni tanuri. Kula kabla ya njaa, kunywa kabla ya kiu, na chupa moja kati ya mbili iwe na chumvi, sukari na ndimu.

3. Mkia. Shuleni kushika mkia ni aibu. Kwetu ni kazi, na anapewa mwenye nguvu za akiba. Anabeba pampu, viraka, solusheni na tyubu mbili, na hampiti mtu yeyote mpaka Tanga.

Mimi nilipewa kitambaa mwaka wangu wa tatu. Ilikuwa Februari, jua kali. Wa mwisho siku hiyo alikuwa kaka mmoja mgeni kwenye kundi, fundi seremala, baiskeli yake nzito ya chuma, ile aina inayobeba magunia ya mkaa. Toka Mombo nilikuwa nyuma yake nikitazama kisigino chake kikipanda na kushuka, polepole, kiatu cha ngozi, soksi ya kulia imetoboka. Kila kilima kidogo cheni yake ilikuwa inalia. Hakulalamika hata mara moja. Na mbele, pale ambapo mkonge unakwenda kwa mistari hadi macho yanachoka, nilikuwa nawaona wenzangu wakizidi kuwa wadogo. Moyo ukaanza kuniwaka. Mazoezi ya miezi yote ile, halafu nije kwenda mwendo wa mtu anayetoka sokoni?

Tulipovuka Korogwe nikamsogelea. Nikamwambia, "Kaka, njoo taratibu tu, ni moja kwa moja. Nitakungoja Segera." Akanijibu, "Sawa, mdogo wangu." Nikampita. Naikumbuka raha ya dakika ile, upepo usoni, gia nzito, na sitaki kujifanya kuwa sikuifurahia.

Segera nilisimama. Dakika tano, labda. Kundi likaanza kuondoka, nami nikajiambia kuwa kibao kipo, maandishi makubwa, na yule ni mtu mzima anajua kusoma. Nikapanda baiskeli.

Muheza kiongozi wetu, mzee aliyenifundisha karibu kila ninachokijua kuhusu baiskeli, alianza kuhesabu. Alipofika mwisho akanitazama mimi, chungwa mkononi, kisha akakitazama kitambaa. Tulipiga simu ya yule kaka, haipatikani. Tukakodi gari kurudi. Segera vijana wa bodaboda wakasema ndiyo, amepita mtu na baiskeli ya chuma, anayumba, alikuwa anafuata lori. Amekwenda njia ya Chalinze.

Tulimkuta upande wa Michungwani, saa kumi na moja jioni. Amekaa chini ya mwarobaini karibu na genge la mama mmoja, mkono mmoja bado umeshika usukani. Shati lake lilikuwa na michirizi myeupe ya chumvi mgongoni. Alikunywa maji matupu tangu asubuhi na hakula kitu, kichwa kikaacha kufanya kazi. Yule mama alikuwa amemlazimisha kunywa uji wenye chumvi, na naamini uji ule ndio uliotupa muda. Aliponiona akauliza, "Tanga bado mbali?"

Alikuwa amekwenda kilomita zote hizo akiamini kuwa anaifuata bahari, kwenye barabara ya mabasi na malori ya Dar es Salaam, anayumba, peke yake.

Alilazwa usiku mmoja. Asubuhi nilikwenda kumwomba radhi. Sikupata maneno ya maana, nikawa naeleza habari za kibao na maandishi makubwa. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema, bila hasira, "Ulisema utaningoja." Hakuendesha tena nasi. Mzee naye hakunigombeza. Alifungua kitambaa kwenye kiti cha baiskeli yangu, akakikunja, akakitia mfukoni, na ilipita miaka miwili kabla hajanipa tena.

Kwa hiyo ukipewa mkia na mtu wa mwisho anatembea, shuka utembee. Akisimama kukojoa, simama. Akikwambia "tangulia tu," usitangulie. Karibu kila anayezidiwa anasema hivyo, kwa sababu anaona haya kuwachelewesha wengine. Mtazame usoni na mwulize jambo linalotaka hesabu: leo tarehe ngapi, tumebakiza kilomita ngapi. Akichelewa kujibu, safari yake imekwisha. Mpakie gari, hata akikasirika.

4. Upepo. Kuanzia Segera mchana mnakwenda kuupokea upepo wa bahari, na miezi ya kaskazi ndiyo kabisa, unakuja usoni mpaka mnaingia mjini. Msipambane nao mmoja mmoja. Pokezaneni mbele dakika mbili mbili, na anayeingia mbele asiongeze kasi. Nasema tena kwa kuwa Jumamosi mlirudia kosa hili zaidi ya mara tano: asiongeze kasi! Mnapewa zamu mnaona ndiyo nafasi ya kuonyesha misuli, kumbe pale ndipo kundi linakatika na wa nyuma wanabaki na upepo wao.

5. Matuta ya vijijini yanadondosha chupa, zikazeni.

6. Muheza tunasimama wote, hata kama unaisikia harufu ya bahari. Tunamenya machungwa na tunajihesabu kwa sauti, kila mtu namba yake. Namba isipoitikiwa hakuna anayepanda baiskeli. Wengine mnaona kama mchezo wa watoto, mnaitika huku mdomo umejaa chungwa. Meza kwanza, kisha itika nisikie.

Tunatoka tena Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa 11 alfajiri, palepale. Yule kijana wa kitambaa wa Jumamosi atakaa mkia tena. Nimekwisha kumwambia, na nitakuwa pembeni yake mpaka Raskazone, kule Tanga. Asiye na tyubu ya akiba anione kabla ya Ijumaa.