Anti, mwanangu anajua kila kitu ila hafanyi: nimchape, nimpe dawa au nimhamishe shule?

SWALI: Shikamoo Anti. Naandika huku sijui hata nianzie wapi. Nina mtoto wa kiume ana miaka 8, wiki tatu zilizopita daktari katuambia ana ADHD, ile hali ya mtoto kushindwa kutulia na kukaza umakini, baada ya mimi na mwalimu wake kujaza mafomu na yeye kumuona mtoto mara mbili. Kusema ukweli nilipumua, maana toka ameanza shule ni kesi juu ya kesi, anajibu kabla swali halijaisha, penseli anapoteza kila siku ya Mungu, daftari linarudi nusu ukurasa na mwalimu kaandika kwa wino mwekundu "ana akili ila hataki". Asubuhi ndo balaa. Namwambia vaa soksi, nikirudi baada ya dakika kumi namkuta kakaa chini, soksi moja iko mguuni, nyingine kaivaa mkononi anaifanya mdomo wa mamba na anaongea nayo. Sio kwamba kakataa, nikimuita anashtuka kabisa, "ah mama, si ndo navaa".

Baba yake haamini. Anasema haya ni magonjwa ya kisasa, hata yeye alikuwa hivyo hivyo na fimbo ndo zilimnyoosha, alafu mbona kwenye gemu anakaa masaa mawili hata mkojo anaubana? Mama mkwe anasema ni sukari. Shule nao wameshadokeza tutafute "sehemu itakayomfaa". Anti, nimchape? Nimhamishe? Dawa naziogopa, nasikia zinamfanya mtoto awe kama zezeta. Na juzi usiku kaniuliza, mama, daktari kasema nitapona lini? Nikajifanya nimelala.
Mama aliyechoka

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole, tena pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara nakwama kwenye ile soksi, manake mimi pia nimelea mtoto wa hivi na yangu ilikuwa mswaki. Dawa ya meno iko juu ya mswaki, maji yanatiririka, mtoto anaangalia tone linavyoshuka kwenye kioo. Nilipiga kelele miaka miwili kabla sijaelewa kitu kimoja ambacho ningependa wewe ukielewe wiki hii: mtoto huyu kujua anajua, kinachomshinda ni kukifanya kile anachokijua pale pale na kwa wakati wake. Ukishalishika hilo maswali yako mengi yanaanza kujijibu.

Tuanze na fimbo. Fimbo inamfundisha mtu asiyejua kwamba kosa ni kosa, au anayejua na kaamua kukaidi. Wako hayuko kwenye hayo makundi mawili, ukimuuliza jioni atakutajia sheria zote za darasa moja baada ya nyingine, na kesho saa tatu asubuhi atazivunja, kwa sababu fimbo inakuja baadae wakati shida yake ilikuwa kwenye ile sekunde. Kinachobaki ni woga na uongo, yaani ataanza kuficha daftari. Mumeo usibishane nae mbele ya mtoto, ila mkiwa wawili muulize kwa upole, zile fimbo za utotoni, alikuwa anajua amekosa nini kila alipochapwa? Msikilize ajibu. ADHD inarithiwa kwa kiasi kikubwa sana, na baba anayesema "hata mimi nilikuwa hivyo" pengine ndo mtu wa kwanza hapo nyumbani anayeweza kumuelewa huyo mtoto. Na sio ugonjwa wa kisasa, mwaka 1902 daktari wa watoto George Still alisimama mbele ya madaktari wenzake London akawaeleza watoto wenye akili timamu wanaoshindwa kujizuia na kutulia. Jina tu ndo limebadilika badilika.

Gemu sasa, maana hilo linawachanganya wazazi wote. Gemu linamjibu kila sekunde, kuna mlio, kuna pointi, akikosea anajua saa hiyo hiyo. Hesabu za homuweki zinamjibu kesho kutwa kwa wino mwekundu. Umakini anao, usukani wa kuupeleka kwenye kitu kisicho na msisimko ndo mzito kwake. Watafiti wa taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani walipima ubongo wa watoto kwa picha, wakatoa matokeo 2007: tabaka la juu la ubongo kwa watoto wenye ADHD lilikua kwa mpangilio ule ule wa wenzao ila kwa kuchelewa, wenzao kwa wastani walifikia kilele cha unene wake kwenye miaka 7 na nusu, wao kwenye 10 na nusu, na uchelewaji mkubwa ulikuwa sehemu za mbele zinazohusika na kujizuia na kupanga. Kwa hiyo ukiwa unampangia kazi za asubuhi, mpangie kama mtoto mdogo kuliko miaka yake, ila ukiongea nae ongea na mtoto wa miaka 8, maana akili ya kuelewa haijachelewa.

Sukari haihusiki, mwambie mama kwa heshima zote. Tafiti zilizowapa watoto sukari au utamu bandia bila wao wala wazazi kujua ni kipi zilijumlishwa pamoja 1995, na tabia haikubadilika.

Alafu ufanye nini. Acha kutoa amri kutoka chumba kingine. Mimi nilikuwa naunganisha, "vaa viatu chukua begi zima taa njoo", mtoto anashika viatu, vingine vyote vinayeyuka. Nenda mpaka alipo, mguse bega, subiri akuangalie, sema kitu kimoja, subiri kiishe, msifie hapo hapo kwa jina la kitu alichofanya ("umevaa zote mbili, safi"), ndo useme cha pili. Inachosha mwanzoni, lakini inachosha kidogo kuliko kelele. Homuweki ikate vipande vya dakika kumi hivi, weka saa anayoiona inavyopungua, na chukua karatasi nyeupe ufunike ukurasa aone mstari mmoja tu wa hesabu. Usicheke, hiyo karatasi ya kufunikia ndo iliyotuokoa sisi, mtoto akiona hesabu ishirini kwa pamoja anakimbia kabla hajaanza, akiona tatu anafanya.

Kuhusu dawa, mwongozo wa chama cha madaktari wa watoto wa Marekani wa 2019 unasema chini ya miaka 6 waanze kwa kuwafunza wazazi namna ya kumsimamia mtoto, kuanzia 6 na kuendelea dawa pamoja na mafunzo hayo. Inayotumika sana ni methilfenideti, ipo toka miaka ya 1950, sio kitu cha majaribio. Ya muda mfupi inafanya kazi kama masaa manne hivi kisha inaisha. Inaweza kupunguza hamu ya kula, kuchelewesha usingizi, kuuma tumbo au kichwa, ndo maana uzito, urefu, mapigo ya moyo na presha vinapimwa mara kwa mara, na kama kuna mtu kwenye ukoo ana shida ya moyo au aliyekufa ghafla akiwa kijana mwambie daktari kabla ya kidonge cha kwanza. Huo uzezeta unaousikia, mara nyingi ni dalili kwamba dozi imezidi au dawa haijamkubali, na kazi ya daktari ni kuanza chini na kupanda taratibu. Mtoto akizubaa ukampoteza mwanao unayemjua, usivumilie, piga simu. Na usiipe dawa kazi isiyo yake. Inampa utulivu wa kukaa na kitu, haimfundishi kupanga begi.

Shule usihame kwanza. Nenda siku isiyo na kesi, na uende na ombi sio lawama, manake yule mwalimu alijaza fomu, ameshakuwa sehemu ya hii safari. Muombe amkalishe mbele mbali na mlango na dirisha, maelekezo yawe mafupi na yaandikwe ubaoni, ampe kazi za kunyanyuka kama kugawa madaftari, na kabisa kabisa asimnyime mapumziko kama adhabu, huyu mtoto anahitaji kukimbia kuliko wote. Muombe pia kadi ndogo ya kila siku yenye malengo mawili tu, mfano "nimenyoosha mkono kabla ya kuongea", anatia tiki, wewe unampongeza jioni ile ile, usingoje mwisho wa mwezi. Uliza kama kusoma kwake, macho na masikio vimepimwa, maana ADHD hupenda kutembea na shida nyingine. Kama baada ya hayo yote bado wanamuaibisha mbele ya wenzake au wanampiga, hapo hama na usiangalie nyuma.

Na lile swali la usiku mjibu, hata kesho. Mwambie hii sio homa ya kupona wiki ijayo. Mwambie kichwa chako kinajua mambo vizuri tu ila kengele ya kukukumbusha inachelewa kulia, kwa hiyo mimi na wewe tutaziweka kengele nje, ukutani na mezani, mpaka ya ndani izoee. Watu wengi wanaendelea kuwa nayo ukubwani, ule mruko unapungua, na wanaishi na kufanya kazi zao. Alafu mpe karatasi achore mwenyewe hatua za asubuhi, muibandike karibu na kitanda. Kama kwenye hatua ya soksi kachora mamba, muache mamba akae.

SWALI: Anti, binti yangu ana miaka 11, hasumbui mtu, mpole, ila anaishi mawinguni, anasahau kila kitu na alama zinashuka. Naye anaweza kuwa na ADHD bila utundu?

JIBU: Anaweza mama, na wasichana wa hivi ndo wanaosahaulika kwa vile hawamkeri mwalimu. Kuna aina ya ADHD ambayo ni ya kukosa umakini tu. Daktari anaangalia kama zile dalili zimekaa miezi sita au zaidi, zilianza kabla ya miaka 12, na zinaonekana sehemu zaidi ya moja, sio darasani peke yake. Wiki hii andika kwenye daftari, alisahau nini, wapi, saa ngapi, analala saa ngapi, na muulize taratibu kama kuna kinachomuumiza moyo, maana huzuni na kukosa usingizi navyo vinampeleka mtoto mawinguni. Muombe na mwalimu aandike ya kwake. Nenda kwa daktari na madaftari yote mawili.