Kabla fundi hajatoboa tundu, lifikirie gari likiwa topeni

Gari likikwama kwenye udongo mweusi wa Ukanda wa Magharibi wa Serengeti mwezi wa nne, halikai kama lilivyokaa gereji. Limelalia ubavu, ekseli imezama, na mlango wa nyuma umeshikwa na tope. Kwa hiyo vijana wanaoanza kuendesha watalii huwa nawaambia wapange vifaa vya kujinasulia kwa kuifikiria hali hiyo. Chepe lililo chini ya mabegi ya wageni ni sawa na chepe lililobaki Arusha.

Langu nimelifunga ubavuni mwa keria, upande wa dereva, pamoja na vile vibao vya plastiki vya kuwekwa chini ya tairi. Nikisimama kwenye kizingiti cha mlango, mkono unafika. Hifadhini hutaki kuzunguka gari ukitafuta vifaa huku majani yamekufika kiunoni.

Jeki ndefu, ile ya mita 1.2, ina kilo kama 13. Wengi huipandisha kwenye keria. Mimi sipendi, maana uzito wa juu unaongeza hatari ya kupinduka, na vumbi likijaa kwenye pini zake jeki inagoma. Nimeilaza ndani, nyuma ya viti vya mbele, ikabanwa kwa bolti. Isiachwe ikielea, gari likipinduka itawapiga abiria. Mkanda wa kuvutia nao ukae ndani, kwenye mfuko, kwa sababu jua linakula nailoni.

Winchi, ile mashine ya kuvutia gari kwa kamba? Ningeanza na chepe. Ukiinunua, uwezo wake uwe walau mara moja na nusu ya uzito wa gari likiwa limejaa, na ifungwe kwenye chasisi, si kwenye bati la bampa. Bolti za kazi hii ziwe na alama ya nguvu ya 8.8 au zaidi kichwani. Na kile kichwa cha mviringo cha kufungia trela usikitumie kamwe kunasulia gari: kikikatika huruka pamoja na mkanda, na kimeshaua watu.

Barabara ya kwenda Naabi, lango la Serengeti, hutikisa gari hadi kulegeza chochote. Tumia nati zenye plastiki ndani, kisha chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma kilichobanwa. Asubuhi unatupa jicho tu: mstari ukiachana, nati imezunguka.