Maswali na majibu: Personal Ensign na uzao wake

Baadhi ya wasomaji wanaohudhuria mbio za Ngong wameniuliza juu ya Personal Ensign, farasi jike wa Marekani aliyezaliwa mwaka wa 1984. Nawajibu mmoja baada ya mwingine.

Je, ni kweli hakushindwa hata mara moja, au ni porojo za vijiweni? (Msomaji, Lang'ata)

Ni kweli. Alikimbia mara 13 kati ya 1986 na 1988, akashinda zote. Hata hivyo, rekodi hiyo iliponea chupuchupu katika mbio zake za mwisho, Breeders' Cup Distaff, zilizofanyika Churchill Downs tarehe 5 Novemba 1988. Mvua ilikuwa imeugeuza uwanja kuwa tope, naye hakuwa na raha humo, ilhali Winning Colors, jike aliyekuwa ametwaa Kentucky Derby mwezi Mei mwaka huohuo, alichomoka mapema akaongoza kundi lote. Walipoingia mkondo wa mwisho, Personal Ensign alikuwa bado nyuma kwa urefu wa farasi kadhaa. Joki wake, Randy Romero, akaendelea kumhimiza, pengo likapungua hatua kwa hatua, na mstarini akashinda kwa pua tu. Kwangu mimi, ushindi huo una uzito kuliko ule wake wa kwanza, ambapo aliwaacha wenzake kwa urefu wa farasi zaidi ya 12.

Niliwahi kuona farasi aliyevunjika mguu akiuawa papo hapo. Huyu aliponaje? (Msomaji, Dagoretti)

Aliumia mazoezini mwaka wa 1986, mfupa wa mguu wa nyuma wa kushoto, juu kidogo ya kwato. Daktari Larry Bramlage aliushikanisha kwa skrubu 5, na baada ya miezi 11 hivi akarudi uwanjani. Farasi wengi hawapati bahati hiyo, kwa kuwa mnyama wa takriban kilo 500 hawezi kulazwa kitandani kwa majuma: uzito wote huhamia kwenye miguu mizima, na kwato za miguu hiyo huweza kuvimba ndani hadi mfupa ukaachia. Muulize saisi yeyote. Hilo ndilo huwanyima usingizi, hata baada ya upasuaji uliofanikiwa. Mwenye farasi, Ogden Phipps, na mkufunzi Shug McGaughey wangeweza kumstaafisha akazae tu, na hakuna ambaye angewalaumu.

Aliwahi kushindana na madume? (Msomaji, South B)

Ndiyo, katika mbio za Whitney za mwaka wa 1988 huko Saratoga, New York. Alimshinda Gulch, dume mwenye sifa kubwa.

Bingwa huzaa bingwa? (Msomaji, Karen)

Mara nyingi, la. Jike hubeba mimba miezi 11 na huzaa mtoto mmoja, kwa hiyo maisha yake yote hayampi nafasi nyingi za kubahatisha, ilhali dume maarufu huweza kupandisha majike zaidi ya 100 kwa msimu mmoja. Ndiyo maana rekodi ya Personal Ensign hunishangaza zaidi zizini kuliko uwanjani. Binti yake My Flag alishinda Breeders' Cup Juvenile Fillies mwaka wa 1995, na binti wa My Flag, Storm Flag Flying, akashinda mbio hizohizo mwaka wa 2002: ukimhesabu bibi mwenyewe na Distaff yake, ni vizazi vitatu mfululizo vya washindi wa Breeders' Cup, mkufunzi yuleyule. Mwanawe Miners Mark alitwaa Jockey Club Gold Cup mwaka wa 1993, na mwanawe mwingine, Our Emblem, ndiye baba wa War Emblem, mshindi wa Kentucky Derby ya 2002. Mwaka wa 1996 Personal Ensign alitajwa jike bora wa uzazi nchini Marekani.

Mbona tusiagize mbegu zilizogandishwa, kama wafugaji wa ng'ombe Kiambu? (Msomaji, Limuru)

Kwa sababu Thoroughbred, yaani farasi wa aina hii ya mbio, aliyepatikana kwa mrija hasajiliwi popote duniani. Sharti dume na jike wakutane. Mfugaji wa Kenya anayetaka damu ya ng'ambo hana budi kuleta dume lenyewe, au kununua jike aliyekwisha kushika mimba.