FC 24 si mfululizo mpya, itazame namba yake

Mdogo wangu, umeuliza kama EA Sports FC 24, gemu ya mpira ya kampuni ya EA, ihesabiwe mfululizo mpya kwa kuwa jina lake la zamani, FIFA, limeondoka. Mimi naendesha chumba cha gemu hapa Katuba, Lubumbashi, na kwangu swali hilo lilikuja na pesa ndani yake. Anayetetea taji la mashindano yetu hupewa zawadi ya ziada. FC 24 ilipotoka Septemba 2023, bingwa wa FIFA 23 akashinda tena, na wapinzani wake wakadai gemu ni nyingine, hesabu ianze upya.

Nilimpa haki bingwa. EA na FIFA, shirikisho la mpira la dunia, walishindwana kwenye mkataba wa jina tu. Kampuni ni ile ile iliyoanza kuitoa 1993, vifungo vya maneti, kile kifaa cha kushika mkononi, ni vile vile, hakuna mteja aliyeomba kufundishwa. Tena walitoka 23 wakaenda 24! Nani anazindua kitu kipya kabisa halafu cha kwanza akakipa namba 24? Vijana wangu mpaka leo wanaingia wakisema "tuwekee FIFA", na simrekebishi mtu.

Ila usiuache mkono uamue peke yake. Aliyezoea Demon's Souls ya 2009 hapotei sana akishika Dark Souls ya 2011. Zote kazi ya kampuni moja, FromSoftware. Lakini haki za ile ya kwanza zilikuwa kwa Sony, ndiyo maana likatafutwa jina jingine, na zilizofuata zikaitwa Dark Souls II na III. Hesabu ilianzia hapo. Hadithi nayo ndiyo shahidi mbaya kuliko wote: Final Fantasy, tangu 1987, hubadili dunia na wahusika karibu kila namba, na bado ni ile ile.

Kwa hiyo mimi hungoja gemu ya pili, niangalie inahesabu kuanzia wapi. Wario alitokea 1992 kama adui wa Mario kwenye Super Mario Land 2. Mwaka 1994 akapewa gemu yake, lakini kwenye boksi bado waliandika "Super Mario Land 3" chini ya jina lake. Siku ile ungebishana hadi usiku. Ilipokuja Wario Land II mwaka 1998, jina la Mario halikuwepo tena, ubishi ukaisha. Mtoto kahama kwa baba. Assassin's Creed ya 2007 ilihama mapema zaidi: ilianza kutengenezwa kama tawi la mfululizo wa Prince of Persia, ikabadilishiwa jina kabla hata haijauzwa.

Panaponisumbua ni PES, gemu ya mpira ya kampuni ya Konami. Mwaka 2021 Konami waliigeuza eFootball: ya bure, ya kupakua, injini (programu inayoiendesha gemu) nyingine, na mwanzoni timu za kuchezea zilikuwa chache mno. Namba haikusaidii hapa, kwa sababu neno eFootball lilishakuwepo kwenye jina la PES 2020. Mimi naiita mpya, kwa kuwa hawakuondoa jina tu, waliondoa hata namna ya kuinunua na sehemu kubwa ya kile ulichokuwa ukicheza, kama Master League, ile sehemu ya kuongoza timu msimu hadi msimu. Wazee wa PES wanaokuja hapa hawakubali, na hoja yao si ndogo: kampuni haikubadilika, na waliokuwa wakiitengeneza PES ndio waliotoa hii.