Jibu: Tuwashukuruje wanaojitolea kanisani?

Dada, umeuliza tuwashukuruje wanaofagia kanisa na kupika siku za semina, wakati usharika hauna fungu. Anzeni na majina. Soma Warumi 16: Paulo anawataja Fibi, Priska na Akila, Mariamu, na anaeleza walivyojitoa. Hasemi tu "asanteni nyote". Kwetu kuna mama anafika kila Jumamosi jioni na ndoo yake, anapiga deki mpaka chini ya mabenchi, kisha anapanga vitabu vya nyimbo. Siku mzee wa kanisa alipomtaja kwenye matangazo, vigelegele vikapigwa, naye akajifunika uso kwa kitenge. Alilia, jamani! Halafu wekeni zamu apumzike, na akiugua mwende kwake na unga na sukari.