Akitoka Thieta, Kazi Yako Ndiyo Inaanza

Mgonjwa akitoka thieta salama, jamaa hushukuru Mungu, hupiga simu Likoni na Kisauni, na wengi huona hatari imepita. Takwimu hazisemi hivyo. Mwaka 2018 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika, uliofuata wagonjwa zaidi ya 11,000 waliopasuliwa. Waliofariki walikuwa 239, na 225 kati yao walifariki baada ya siku ya upasuaji kupita. Macho yanahitajika zaidi wadini, na wewe unayemuuguza unayo mawili.

Anza na pumzi. Tazama kifua kikipanda na kushuka kwa dakika nzima, ukitumia saa ya simu, mgonjwa akiwa ametulia. Usimwambie, maana akijua anahesabiwa, pumzi hubadilika. Mtu mzima huvuta pumzi 12 hadi 20 kwa dakika. Zikifika 25, au mapigo ya moyo yakizidi 100 ilhali amelala tu, mwite nesi saa hiyo hiyo na umtajie nambari. Ukisema "ana pumzi 28" utasikizwa upesi kuliko "hali yake si nzuri". Pumzi za haraka mara nyingi hutangulia dalili nyingine: huenda ni nimonia, damu inayovuja ndani, au maambukizi yanayoenea mwilini.

La pili ni kumtoa kitandani. Daktari akiruhusu, aketi siku hiyo hiyo, na kesho yake atembee japo hatua chache. Anayelala tu damu huganda miguuni, na makohozi hutuama kwenye mapafu. Kila saa akiwa macho avute pumzi ndefu 10. Akitaka kukohoa, akumbatie mto tumboni ili mshono usivutike. Lakini mwenye maumivu makali hatembei wala hakohoi, kwa hivyo dawa zifuate saa, asingoje mpaka alie. Akiandikiwa paracetamol, dozi ya kawaida ya mtu mzima wa zaidi ya kilo 50 ni tembe 2 za miligramu 500 kila saa 6, zisizidi 8 kwa siku. Mwenye ugonjwa wa ini asiguse bila daktari. Na soma paketi ya dawa ya mafua: nyingi zina paracetamol ndani yake. Daktari Henrik Kehlet wa Denmark aliziunganisha hatua hizi miaka ya 1990, pamoja na kula mapema, na wagonjwa wake waliopasuliwa utumbo wakaweza kwenda nyumbani baada ya siku 2 au 3.

Kabla ya upasuaji mambo ni machache. Chakula kisimame saa 6 kabla ya nusukaputi, na vya mafuta kama mahamri saa 8, kwa sababu kilichobaki tumboni huweza kupanda na kuingia mapafuni. Maji au chai ya mkandaa kwa kawaida huruhusiwa hadi saa 2 kabla. Muulize daktari wa usingizi, maana kukaa na kiu usiku kucha katika joto la Mombasa humdhoofisha mtu bure. Mwenye kutafuna miraa au muguka aseme, bila kuona haya: hupandisha presha na mapigo ya moyo. Aoge kwa sabuni. Asijinyoe kwa wembe mahali patakapopasuliwa, kwani vijeraha vyake ni milango ya vijidudu.

Kuhusu mshono, jambo linalotutia wasiwasi zaidi hapa Pwani ni kukandwa. Mzazi aliyejifungua kwa upasuaji asikandwe maji moto tumboni. Ngozi ya kandokando ya mshono huwa na ganzi kwa sababu mishipa midogo ya fahamu imekatwa, hivyo maji yanaweza kumuunguza asihisi, na kuungua huko huingiza maambukizi. Mkaja nao usibane hata ashindwe kuvuta pumzi ndefu, na kanga ikilowa jasho ibadilishwe. Asipakwe manjano wala mafuta ya nazi. Wala msikimbilie duka la dawa kununua antibiotiki "za kuzuia": Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2016 kuwa ya kinga itolewe ndani ya dakika 120 kabla ya kisu, na isiendelezwe baada ya upasuaji kwisha. Aliyeandikiwa kwa sababu tayari ana maambukizi, amalize.

Mrudishe hospitali akiwa na homa ya 38 au zaidi, usaha, harufu, wekundu unaopanuka, mshono unaofunguka, au maumivu yanayozidi baada ya siku ya 3 badala ya kupungua. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au akikosa pumzi ghafla, usisubiri asubuhi.

Mkiombwa kushiriki utafiti, mwambieni mtafiti awasomee fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, mwulize ni kamati gani ya maadili iliyoidhinisha, na nani atagharamia madhara yakitokea. Mgonjwa anaweza kukataa, au kujitoa katikati, na matibabu yake yabaki yale yale. Akikubali, aache nambari yake na ya jamaa mmoja asiyebadilisha laini. Maambukizi ya mshono huhesabiwa hadi siku ya 30, na mengi hujitokeza mtu akiwa kwake. Simu isipopokewa, kidonda kilichooza nyumbani hakiingii kwenye hesabu.