Kabla ya kuuliza kama shule itampokea mwanao, uliza choo kiko wapi

Kilichomtoa binti yangu shuleni mara ya kwanza hakikuwa hesabu wala kusoma. Kilikuwa choo.

Alikuwa na miaka saba. Ana mtindio wa ubongo: miguu imekaza, mkono wa kushoto unafanya kazi ukiamua wenyewe, maneno yanatoka taratibu lakini yanatoka. Akili yake haina kasoro, na ukimchezea kwenye bao atakufilisi. Nilimwandikisha darasa la kwanza katika shule ya msingi ya karibu, huku huku wilayani Tandahimba, mkoani Mtwara, nikarudi nyumbani nikijiona nimemaliza kazi. Mwalimu mkuu alitupokea vizuri, hakuna aliyetufukuza. Miezi minne baadaye nilimtoa mimi mwenyewe.

Nilichelewa kugundua. Kila asubuhi alikataa uji. Chai hataki, maji hataki. Nikadhani anadeka. Kumbe mtoto amepiga hesabu zake: akinywa atabanwa, akibanwa hana wa kumbeba, na choo cha shule kina ngazi mbili, tundu la kuchuchumaa, na mlango ambao kiti mwendo chake hakipiti. Basi akawa anashinda na kiu tangu saa moja asubuhi hadi saa nane mchana, na jua letu mnalijua. Kichwa kikaanza kumuuma, kisha mkojo ukawa unamchoma, zahanati wakasema ana UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Tukatibu, ikarudi. Siku moja akajikojolea darasani, wenzake wakacheka, mwalimu akatuma mtoto aje aniite. Nilimbeba mgongoni hadi nyumbani, sikumrudisha kwa miaka miwili.

Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika wa wakulima wa korosho, kazi yangu ni mizani na daftari. Msimu wa korosho ukiwa unaishia na uandikishaji wa Januari umekaribia, hakuna mwaka unaopita bila mzazi au wawili kunifuata pale ghalani, wameegemea magunia, wananiuliza kwa sauti ya chini: "Dada, shule gani inapokea watoto kama wetu?" Na mimi nililiuliza swali hilohilo, likaniponza. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imeshasema mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalumu. Kwa hiyo jina la mwanao litaandikwa. Yatakayofuata baada ya jina kuandikwa ndiyo ya kuuliza.

Niseme kidogo kuhusu maneno, maana tunayachanganya. Shule maalumu ni ile ya watoto wenye ulemavu peke yao, mara nyingi ni ya bweni. Kitengo ni darasa la elimu maalumu lililo ndani ya shule ya kawaida, lenye mwalimu aliyesomea kazi hiyo. Wengi wao wamepita Chuo cha Patandi, Arusha. Elimu jumuishi ni mtoto kukaa darasa moja na wenzake wa mtaani, na shule ndiyo ijirekebishe. Binti yangu alipoingia mara ya kwanza shule haikurekebisha hata kofuli. Ule haukuwa ujumuishi, alikuwa amewekwa tu.

Wala sidhani kwamba darasa la kawaida linamfaa kila mtoto, ingawa kuna watakaonikasirikia. Namfahamu mama wa upande wa Nanyamba ambaye mwanawe ni kiziwi. Kijana alikaa shule ya kawaida miaka mitatu, ana mwandiko mzuri kuliko darasa zima, ananakili ubao wote bila kukosea herufi. Hakuna neno hata moja alilolielewa. Kila muhula walimu wanamsifu kwa utulivu! Alipopelekwa shule ya viziwi ndipo akapata lugha, yaani lugha ya alama, na watu wa kuongea nao. Siku hizi akirudi likizo anatuchoka, maana sisi ndio mabubu. Mtoto kiziwi anahitaji wenzake wanaoongea kwa mikono kama anavyohitaji mwalimu. Mtoto mwenye shida ya miguu, au mwenye albinism ambaye shida yake kubwa darasani ni uoni hafifu, sioni sababu ya kumpeleka mbali na kwao kama pale karibu anaweza kuwekewa mazingira. Huyo mwenye albinism mpe kofia na shati la mikono mirefu, akae mbele, mwanga wa dirisha usimpige machoni, na mwalimu asimhesabie utundu akinyanyuka kwenda kusoma ubaoni kwa karibu.

Narudi kwa binti yangu. Katika ile miaka miwili ya kukaa nyumbani nilimpeleka hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam. Nilikwenda nikitafuta dawa ya miguu. Nikaelezwa kwamba ubongo uliumia wakati wa kuzaliwa, hakulia mapema na mimi uchungu ulikuwa umenichukua siku mbili, na hilo halina dawa ya kulifuta. Lakini misuli inaweza kufundishwa isikaze zaidi. Nikafundishwa mazoezi, na nikafundishwa namna ya kumkalisha: nyayo zikanyage kitu, magoti yapinde, kiuno kiegemee nyuma kabisa. Nilikuwa nimemkalisha vibaya miaka yote hiyo, miguu inaning'inia, nguvu zote zinaishia kwenye kujizuia asianguke, kisha nashangaa haandiki. Kama mwanao ana hali hii, shughulikia mkao kabla ya kalamu.

Tulipoamua arudi shule, nilifanya ambalo nilipaswa kulifanya mwanzo. Nilichukua daftari la kazini, ukurasa mpya, nikaandika siku yake nzima tangu anapoamka: atafikaje, ataingiaje, atakaa wapi, ataandika kwa kitu gani, atakunywa nini, atakwenda wapi akibanwa, nani atamfuta, akianguka nani ananipigia. Kisha nikaenda shuleni na futi kamba ya fundi cherehani, watoto hawapo. Mlango wa choo ulikuwa na sentimita 60. Kiti mwendo chake, ukingo hadi ukingo, sentimita 63. Zile tatu ndizo zilizomnyima mwanangu maji miezi minne, na hakuna mtu aliyekuwa amezipima, mimi nikiwa wa kwanza, ninayepima korosho za watu kwa kilo na gramu.

Usiende kwa mwalimu mkuu na kilio. Atakuhurumia, atakwambia shule haina bajeti, na mtaachana vizuri. Mimi nilikwenda na vipimo na mambo matatu. La kwanza halikuwa na gharama yoyote: darasa la binti yangu lilikuwa kwenye jengo lenye ngazi, la jirani halina ngazi. Nikaomba madarasa yabadilishane vyumba. Ilichukua nusu saa, watoto wenyewe walibeba madawati wakicheka. Kila Januari nakwenda kuomba tena, kwa sababu darasa linapanda na chumba kinabadilika, na wakati mwingine mwalimu mkuu mwenyewe kahamishwa na mpya hajui lolote.

La pili ni choo. Tulipata tundu moja la mwisho, kamati ya shule ikakubali mlango ung'olewe, upanuliwe, ngazi zijazwe ziwe mteremko. Mchanga tunao wa bure, saruji niliinunua mifuko miwili. Fundi seremala akanitengenezea kiti kizito chenye tundu katikati na mikono ya kushikilia, kinawekwa juu ya shimo. Alinitoza shilingi 25,000 baada ya kubishana sana. Bomba la kushika ukutani liliongezwa baadaye, na sasa hata mwalimu mmoja mjamzito alikuwa anapenda choo kile kuliko cha walimu.

La tatu ni mtu. Mlango mpana haumwinui mtoto kutoka kwenye kiti. Tulikubaliana kwamba dada yake wa darasa la tano atoke saa ya mapumziko, na mwalimu mmoja wa kike ajue. Mtu huyo awe na jina. Ukiambiwa "watoto watamsaidia tu", ujue hakuna wa kumsaidia. Na msaidizi wa chooni usimwachie mtu yeyote anayejitolea tu. Mfundishe binti yako nani anaruhusiwa kumgusa na nani haruhusiwi, kwa maneno ya wazi, bila haya.

Njiani napo kuna kazi. Viti mwendo vingi vimetengenezwa kwa ajili ya sakafu, na huku kwetu ni mchanga. Magurudumu madogo ya mbele yanazama, ukisukuma kwa nguvu mtoto anapiga pua. Mgeuze, umvute kinyumenyume kwa magurudumu makubwa ya nyuma, yanapita. Masika tunapanda bodaboda, yeye katikati, mimi nyuma, kiti kinabaki shuleni. Najua mshikaki, yaani abiria wawili kwenye pikipiki moja, ni kosa barabarani. Sina la kusema.

Kuhusu mwalimu wa darasa. Wa kwetu alikuwa na watoto zaidi ya 80 na hakuwahi kusomea elimu maalumu. Ukimwendea kama mshitaki utampoteza. Nilimpelekea ukurasa mmoja tu nilioandika kwa mkono: anachoweza, anachohitaji, akichoka anakuwaje. Nilianza na anachoweza, kwa sababu mwalimu akisoma kwanza orodha ya yasiyowezekana anafunga moyo. Niliomba ampe hesabu tano pale wenzake wanapofanya kumi, amsikilize akijibu kwa mdomo, na asimalizie sentensi zake. Kalamu tuliivirisha mpira wa tube ya baiskeli, ikawa nene, akaweza kuishika. Wenzake walikuwa wanagombania kumsukuma hadi siku wakampindua. Mwalimu akapanga zamu na kuweka sheria kwamba asisukumwe bila kuulizwa. Wazo hilo lilikuwa lake. Darasa zima linajua sasa.

Jambo jingine msilifiche: kifafa. Baadhi ya watoto wenye mtindio wa ubongo wanacho, wangu anacho. Nilikificha mara ya kwanza nikiogopa watoto wataambiwa wasimkaribie, maana bado wapo wanaoamini povu linaambukiza. Haliambukizi. Mara ya pili nilimweleza mwalimu kila kitu: akianguka amlaze ubavu, aondoe vitu vya karibu, asimtie kijiko wala kidole mdomoni, asimbane, aangalie saa, na ikipita dakika tano wakimbie zahanati. Dawa anakunywa kila siku nyumbani, hata akiwa mzima wiki nzima.

Kabla hujakubali mtu amwite mwanao mzito wa kuelewa, yeyote yule, kapimwe macho na masikio kwanza. Sisi tulikwenda Ligula, hospitali ya rufaa ya mkoa, Mtwara. Halafu mtafute afisa elimu maalumu wa halmashauri yako. Wengi hatujui kama yupo. Yeye ndiye anayeweza kukuelekeza kwenye upimaji wa kielimu na vitengo vilivyopo mkoani. Na mwalimu mkuu akumbushwe mapema kuweka taarifa za mtoto wakati wa usajili wa mitihani. Baraza la Mitihani lina utaratibu wa mahitaji maalumu, kuna karatasi za nukta nundu kwa wasioona, maandishi yaliyokuzwa na muda wa nyongeza, lakini linafanyia kazi taarifa lililoletewa.

Nyumbani ndiko nilikopigana zaidi. Kwetu Wamakonde mjomba ana neno lake, na mjomba wa binti yangu, kaka yangu mkubwa, alisema mbele ya watu: "Unampeleka akasome nini? Mikorosho inataka salfa, wewe unasukuma kiti." Sikumjibu, ni mkubwa wangu. Wakati wa unyago wa wenzake, kungwi alikuja kuuliza kama huyu naye ahesabiwe. Nikasema ahesabiwe, kwani yeye si mwari? Akatoka amevaa kanga mpya kama wenzake, kichwa juu, na siku ile nadhani watu wengi walimwona kwa mara ya kwanza. Kaka yangu mpaka leo hajakubali kwa mdomo. Ila msimu uliopita alileta mabati mawili kwa ajili ya kile choo, akayaegemeza ukutani, akasema yamebaki kwake hayana kazi.

Sasa binti yupo darasa la tano, ana miaka 13. Asubuhi anakunywa uji vikombe viwili. Hesabu zake za mafungu bado zinamsumbua, na mimi pia zinanisumbua. Sekondari ya kata iko ng'ambo ya bonde, sijawahi kuingia vyoo vyake. Walimu wameniambia nisubiri kwanza, bado mapema. Ile futi kamba nimeshaiweka kwenye mkoba, Jumamosi nitapita.